Sauti katika Mashine Huria: Historia Yake na Funzo Lake kwa Ufipa

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, yako mabaki ya matanuri ya udongo yaitwayo malungu. Matanuri hayo yalikuwa marefu kupita kimo cha mtu, na mengine yalifika mita 3 na zaidi. Yalijengwa kwa udongo wa kichuguu, yakatobolewa chini pande zote ili upepo uingie wenyewe, bila ya kupulizwa kwa mivukuto. Mawe ya chuma na makaa yalipangwa ndani tabaka juu ya tabaka, moto ukawashwa, na baada ya siku kadhaa likapatikana bonge la chuma kisicho safi. Bonge hilo halikuwa jembe bado. Lilipelekwa kwanza katika tanuri dogo la pili, liitwalo kintengwe, ambalo lilipulizwa kwa mivukuto, likasafishwa humo. Na baada ya hapo ndipo lilipofika mikononi mwa mhunzi, naye akalifua kuwa jembe, shoka au mkuki. Baina ya jiwe la mlimani na jembe la shambani, basi, zilikuwapo hatua tatu, na hatua moja ikiharibika zote zilikuwa kazi bure.

Kazi hiyo ilikuwa na miiko yake. Fundi mkuu wa tanuri alikuwa na kikapu cha dawa, na yaliyomo kikapuni hayakujulikana kwa kila mtu. Ujuzi huo ulimpa heshima na riziki, wala si ajabu kwamba aliulinda. Majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalipoingia, na utawala wa kikoloni ulipobadili biashara na kazi za watu, mioto ya malungu ilizimika mmoja baada ya mwingine katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. R. C. H. Greig aliandika habari za uyeyushaji huo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, R. Wise akaandika tena katika jarida hilo hilo mwaka 1958, akaeleza na mila zilizoambatana nao. Na Bertram Mapunda, mtaalamu wa Kitanzania wa mambo ya kale, aliyachunguza mabaki ya Nkansi katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1995. Haifai kusema kwamba siri ndiyo iliyoiua kazi ya chuma. Iliyoiua ni bei ya jembe la ng'ambo. Lakini siri ilichangia kuifanya kazi hiyo iwe ngumu kufufuka, hata mjukuu wa fundi akalazimika kujifunza habari za babu yake katika vitabu vya wachimbuaji.

Mambo haya mawili, yaani kazi yenye hatua zinazotegemeana na ujuzi unaofichwa au kufunuliwa, yametokea tena mbali sana na Ufipa, katika historia ya jinsi mfumo wa kompyuta uitwao Linux ulivyopewa sauti. Kwa mtazamo wa haraka historia hiyo haihusu uwanda wa Ufipa hata kidogo, kwa kuwa waliofanya kazi hiyo walikuwa Wafini, Wacheki, Wajerumani na wengineo. Lakini Ufipa ina mali nyingi iliyomo katika sauti, na mali ya namna hiyo sasa haina ghala jingine isipokuwa kompyuta. Kwa hiyo swali la nani anashika ufunguo wa ghala hilo ni swali la Sumbawanga pia.

Mali yenyewe inajulikana. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alifanya utafiti Ufipa katika miaka ya mwanzo ya 1960, akakusanya hadithi za Wafipa na habari za utawala wao wa kale wa Milansi, Nkansi na Lyangalile. Hadithi hizo zilichapishwa mwaka 1978 katika kitabu kiitwacho There Was a Certain Man. Msomaji wa kitabu hicho hupata maneno na maana, tena kwa lugha ya Kiingereza. Hapati mwendo wa sauti ya msimuliaji, mahali alipokawia, mahali alipoharakisha, wimbo ulioingia katikati ya hadithi, wala vicheko vya wasikilizaji. Katika masimulizi, hayo si mapambo. Ni sehemu ya kazi yenyewe, kama vile upepo ulivyokuwa sehemu ya kazi ya tanuri. Yeyote anayetaka kuyahifadhi hana budi kuhifadhi sauti.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme unaopanda na kushuka, na kadi ya sauti iliyomo ndani ya kompyuta huupima umeme huo mara nyingi sana katika kila sekunde na kuandika kila kipimo kuwa tarakimu. Katika diski za muziki zilizotolewa na makampuni ya Philips na Sony mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huchukua baiti 2. Ikiwa sauti ni ya njia mbili, ya kushoto na ya kulia, sekunde moja huchukua baiti 176,400. Dakika moja huchukua megabaiti 10 na zaidi kidogo. Na saa moja ya masimulizi hukaribia megabaiti 635. Wakati wa kusikiliza, safari hugeuzwa: tarakimu huwa umeme, umeme huitikisa spika, na spika huitikisa hewa.

Programu ya kurekodi, hata hivyo, haisemi na kadi ya sauti moja kwa moja, maana kadi za sauti ni za namna nyingi na kila moja ina lugha yake. Hatua ya kwanza baada ya kadi ni kiendeshi, programu iliyomo katika kiini cha mfumo, ambayo kazi yake ni kuijua kadi fulani na kuiamuru. Hatua ya pili ni maktaba ya sauti, yaani mkusanyo wa amri za kawaida ambazo programu yoyote yaweza kuzitumia bila ya kujali kadi ni ya nani. Hatua ya tatu ni seva ya sauti, ambayo hupokea sauti za programu nyingi kwa wakati mmoja, ikazichanganya na kuzipeleka chini. Juu kabisa ndipo ilipo programu anayoiona mtumiaji. Mpango huu wafanana na ule wa malungu, kintengwe na mhunzi: kila hatua hupokea kitu kutoka kwa mwenzake na kukitengeneza ili kimfae anayefuata. Tena wafanana nao katika udhaifu, kwa kuwa hatua moja ikikosekana kompyuta haitoi sauti, na mtumiaji hawezi kujua kwa macho ni hatua ipi.

Mwanzoni hatua hizo hazikuwapo. Kadi ya AdLib kutoka Kanada ilitokea mwaka 1987, na mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ikatoa kadi ya Sound Blaster, iliyoenea duniani mpaka kadi nyingine zikaanza kuiiga. Watengenezaji waliandika viendeshi kwa ajili ya mifumo iliyokuwa na soko, kwanza DOS na baadaye Windows, nao aghalabu hawakutoa maelezo ya ndani ya kadi zao. Aliyetaka kutumia mfumo mwingine alikuwa na mashine bubu.

Wakati huo huo ilikuwa ikikua fikra nyingine juu ya programu. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akishikilia kwamba mtumiaji wa programu apewe na msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu kama yalivyoandikwa na fundi, ili aweze kuyasoma, kuyarekebisha na kumpa mwenziwe. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo alichokiita Linux, na mwaka 1992 akakiweka chini ya leseni ya GNU. Leseni hiyo hutoa ruhusa na kuweka sharti: anayekitengeneza upya kiini hicho na kukigawa kwa watu hana budi kugawa na maandishi yake pia. Kwa Kiswahili programu za namna hiyo huitwa programu huria.

Linux ilipozaliwa ilikuwa bubu. Aliyeipa sauti ya kwanza ni Mfini mwingine, Hannu Savolainen, ambaye mwaka 1992 alianza kuandika kiendeshi cha Sound Blaster. Kazi yake ilikua ikawa mfumo kamili wa viendeshi vya kadi nyingi, ukajulikana kwa jina la Open Sound System, au kwa kifupi OSS. Uzuri wa mfumo huo ulikuwa katika wepesi wake. Kadi ya sauti ilionekana katika kompyuta kama faili moja, /dev/dsp, na programu iliyotaka kutoa sauti iliandika tarakimu katika faili hilo. Iliyotaka kurekodi ilisoma kutoka humo. Mtu aliyejua kuandika katika faili alikuwa amekwisha kujua nusu ya kazi.

Baadaye kazi hiyo ilipata sura mbili. Savolainen alishirikiana na kampuni ya 4Front Technologies, na kampuni ikawa inauza toleo la OSS lililokuwa na viendeshi vya kadi nyingi zaidi na usanidi mwepesi zaidi. Toleo lililobaki ndani ya kiini cha Linux liliendelea kuwa huria, lakini yaliyo bora yalikuwa yakienda katika lile la kuuzwa, ambalo msimbo wake ulifungwa. Wako waliomlaumu Savolainen, na lawama hiyo yahitaji kupimwa kwa haki. Fundi naye hula. Mtu aliyetumia miaka ya maisha yake kujifunza lugha za kadi ambazo wenyewe hawakutaka kuzieleza alikuwa na sababu ya kudai ujira, kama vile fundi wa malungu alivyokuwa na sababu ya kukifunga kikapu chake. Kosa halikuwa katika kutaka kula. Taabu ilikuwa kwamba sauti ya mfumo mzima, uliotumiwa na watu wengi sana, ilianza kutegemea mlango wa nyumba moja.

Jibu lilitoka kwa Jaroslav Kysela, fundi wa Kicheki. Yeye alianza na kadi moja tu, Gravis UltraSound ya Kanada, aliyoona kwamba OSS haikuweza kuitumia kwa uwezo wake wote. Mwaka 1998 kazi yake ilipanuka ikawa mradi wa mfumo mpya wa sauti ulioitwa ALSA, uliokuwa huria tangu chini hadi juu. ALSA iliingizwa katika kiini cha majaribio mwaka 2002, na toleo la 2.6 la kiini lilipotoka Desemba 2003, ndiyo iliyokuwa mfumo rasmi wa sauti katika Linux, na OSS ikaitwa ya zamani. Mwaka 2007 kampuni ya 4Front ilifungua msimbo wa toleo la nne la OSS chini ya leseni huria. Lilikuwa jambo jema, lakini kwa Linux lilikuja baada ya wakati wake, maana mafundi walikwisha hamia kwingine. Njia ya OSS haikufa kabisa, kwa kuwa mfumo wa FreeBSD uliendelea kuitumia. Lakini nyumbani ilikozaliwa haikurudi.

Tofauti kubwa ya ALSA ilikuwa katika kuitenga maktaba na kiendeshi. Viendeshi vilibaki katika kiini, na mambo mengine mengi yakawekwa katika maktaba iliyo nje ya kiini, ambamo mabadiliko ni mepesi na hatari ni ndogo. Kwa mpango huo mtumiaji aliweza kuandika faili dogo la usanidi la kuchagua kadi, kuunganisha njia za sauti au kuchanganya sauti za programu mbili. Lakini mpango huo huo uliwapa watumiaji wapya mtihani uliokuja kujulikana sana: ALSA ilipowekwa kwa mara ya kwanza, njia zote za sauti zilikuwa zimezibwa. Kadi ilionekana, kiendeshi kilifanya kazi, maktaba ilikuwapo, na bado kompyuta ilikaa kimya. Ilimpasa mtumiaji afungue programu iitwayo alsamixer, aone alama za MM chini ya njia iliyozibwa, abonyeze herufi M ili iwe OO, apandishe kiwango, ndipo asikie.

Utaratibu wote wa kazi hiyo ulikuwa wa kupanda ngazi kutoka chini. Kwanza mtumiaji alitazama katika /proc/asound/cards kama kiini kimeitambua kadi. Ikiwa hakikuitambua, alitafuta jina la kiendeshi chake na kukiita kwa amri ya modprobe. Pili alihakikisha kwamba yeye mwenyewe yumo katika kundi la watumiaji walioruhusiwa kugusa sauti. Tatu alifungua njia zilizozibwa. Nne alijaribu kwa amri ya speaker-test au aplay. Mwisho alihifadhi viwango kwa amri ya alsactl ili visipotee kompyuta ikizimwa. Aliyefuata ngazi hizo aliweza kupata sauti hata katika kompyuta kuukuu, na zaidi ya hapo alipata kujua sauti inapita wapi. Aliyerukaruka alipoteza siku nzima. Usanidi wa siku hizi huyafanya mengi ya hayo wenyewe, lakini siku unaposhindwa, ngazi ni zile zile.

Lilibaki tatizo la programu nyingi kutaka sauti kwa wakati mmoja. Katika siku za OSS, programu iliyoikamata /dev/dsp kwanza mara nyingi iliwanyima wenzake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilitokea seva za sauti za kuamua ugomvi huo, mathalan EsounD iliyotumiwa na GNOME na aRts iliyotumiwa na KDE. Lakini seva mbili zilikuwa ugomvi mwingine. Mwaka 2004 Mjerumani Lennart Poettering alianza seva iliyokuja kuitwa PulseAudio. Fedora iliifanya kuwa seva yake ya kawaida Novemba 2007, na Ubuntu ikafuata Aprili 2008. Malalamiko yakawa mengi: sauti ilikatika, ilichelewa, au haikutoka. Sehemu ya lawama ilistahili PulseAudio yenyewe na haraka ya walioisambaza. Sehemu nyingine ilistahili viendeshi vya chini, ambavyo kasoro zake hazikuwa zimeonekana mpaka ilipokuja seva iliyovidai kusema kweli juu ya wakati. Kwa sababu kila kitu kilikuwa wazi, kasoro hizo zilifuatwa moja moja na kurekebishwa mahali zilipokuwa.

Wapigaji na warekodi wa muziki walikuwa na seva yao nyingine, JACK, iliyoanzishwa na Paul Davis kwa ajili ya kazi isiyovumilia sauti kuchelewa. Mwaka 2017 Wim Taymans wa kampuni ya Red Hat alitangaza PipeWire, yenye nia ya kuunganisha kazi ya PulseAudio na ya JACK katika seva moja, pamoja na picha za video. Fedora iliipokea kwa sauti mwaka 2021, Ubuntu ikaipokea Oktoba 2022, na toleo lake la 1.0 likatoka Novemba 2023. Jambo la kuangaliwa hapa ni adabu ya kila mgeni kwa mwenyeji wake. ALSA ilijifunza kuitika kama OSS ili programu za zamani zisife. PulseAudio ilizipokea programu zilizojua kusema na ALSA tu. PipeWire husema lugha ya PulseAudio na lugha ya JACK. Hilo liliwezekana kwa sababu hapana aliyehitaji kukisia mwenziwe alifanya nini. Maandishi yake yalikuwa mezani.

Tanzania iliingia katika historia hii kwa kuchelewa na kwa njia yake. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na masharti hayo yalilegezwa baadaye, hata kompyuta zikaanza kuenea katika miaka ya 1990. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu huria za ofisi unaosema Kiswahili. Jambo hilo lilionyesha kwamba msimbo ukiwa wazi, mtu wa Dar es Salaam haombi ruhusa ya kuufundisha lugha yake. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, na mpaka mwaka 2011 diski zake zilipelekwa kwa posta, bila malipo, kwa yeyote aliyeziomba katika nchi yoyote.

Kwa mji kama Sumbawanga, ulio mbali na Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, diski ya posta ilikuwa njia inayoeleweka. Lakini ndani ya diski hiyo mlikuwa na pengo linalohusu maktaba za sauti hasa. Muziki na mahubiri mengi yaliyokuwa yakipita mkononi yalihifadhiwa kwa namna ya MP3, na namna hiyo ilikuwa imefungwa kwa hataza za wenyewe. Kwa sababu hiyo diski haikubeba maktaba ya kuisoma. Mtumiaji alitakiwa kuichukua katika intaneti. Kwa mtu wa Ulaya hilo lilikuwa jambo la dakika chache. Kwa nchi ambayo mkongo wa baharini wa SEACOM haukufika pwani yake mpaka Julai 2009, maktaba ndogo isiyokuwamo katika diski ilikuwa sawa na maktaba isiyokuwapo duniani. Hataza za MP3 zilifikia mwisho mwaka 2017, na pengo hilo likazibwa. Hata hivyo linafundisha kwamba mlango uliofungwa huumiza zaidi walio mbali nao.

Imebaki kueleza kwa nini milango iliyofunguliwa haikufungwa tena. Wako wanaodhani kwamba programu huria huishi kwa hisani ya watu wasiohitaji kitu. Historia hii haikubali. Kysela alipata kuajiriwa na SuSE, na baadaye na Red Hat. Takashi Iwai, aliyeitunza ALSA kwa miaka mingi, aliajiriwa na SuSE. Poettering na Taymans walifanya kazi zao wakiwa Red Hat. Makampuni hayo yaliuza huduma na utunzaji, yakauacha msimbo wazi, na mafundi wakala. Tofauti baina yao na Savolainen wa siku za kwanza si tofauti ya moyo mwema na moyo mbaya. Yeye alilazimika kuuza ujuzi wenyewe. Wao walilipwa ili ujuzi usifichwe. Huenda kikapu cha fundi wa malungu nacho kingefunguliwa, kama lingekuwapo jambo jingine la kumpa heshima na riziki yake.

Hapo ndipo historia ya sauti inapoigusa Ufipa. Vyombo viko wazi. Mwalimu au katekista wa Sumbawanga mwenye kompyuta iliyokwisha tumika aweza kuiwekea Linux, akachomeka maikrofoni ya USB, ambayo kwa kawaida haihitaji kiendeshi chake peke yake kwa kuwa hufuata kanuni moja ya wote, akarekodi hadithi ya bibi wa Nkasi kwa programu huria. Aweza kuihifadhi kwa namna ya FLAC, iliyotolewa mwaka 2001, ambayo hupunguza ukubwa wa faili bila ya kupoteza hata tarakimu moja, na ambayo kanuni zake kamili zilitangazwa na shirika la viwango vya intaneti, IETF, mwaka 2024. Faili la namna hiyo laweza kusomwa na mtu atakayezaliwa miaka 50 ijayo, hata kama programu zote za leo zimesahauliwa, kwa kuwa maelezo ya kulifungua yameandikwa na kuachwa hadharani.

Kisichokuwapo ni ujira wa mtu wa kuifanya kazi hiyo siku baada ya siku: kwenda vijijini, kurekodi, kuandika jina la hadithi na tarehe na kijiji, kunakili faili mahali pawili au patatu, na kumfundisha kijana mmoja ngazi zile tano za kutafuta sauti iliyopotea. Hapana kampuni ya ng'ambo itakayopata faida kwa kumlipa mtu huyo, maana Kifipa hakina soko. Kazi hiyo ni ya vyuo, halmashauri, makanisa na wenyeji wenyewe. Wazee waliosikia hadithi kutoka kwa watu walioona malungu yakiwaka wanapungua kila mwaka, na kompyuta iliyofunguliwa njia zake zote haina la kutoa ikiwa hapana aliyeketi mbele ya maikrofoni yake.